Kompyuta ya zamani haiwaki: toa diski kwanza, kisha fuata umeme

Msomaji ameuliza: "Shikamoo fundi. Nina kompyuta ya mezani ya wazazi wangu, ilinunuliwa mwaka 2005 na imekaa stoo miaka mingi. Nimeifuta vumbi, nimeichomeka, lakini nikibonyeza kitufe feni inazunguka kidogo tu kisha kila kitu kinazimika. Mara mojamoja feni inaendelea kuzunguka, ila skrini inabaki nyeusi. Kuna mtu kaniambia madabodi imekufa, niitupe. Ndani mna picha za familia ambazo hatuna kwingine. Je, inatengenezeka? Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Chomoa kwanza waya wa umeme, na usikiguse tena kile kitufe mpaka umalize kusoma. Picha zenu hazikai kwenye madabodi, ule ubao mkubwa ambao vifaa vyote vya ndani huunganishwa nao. Zimo kwenye "hadi diski" (hard disk), kile kisanduku cha chuma kizito kilichofungwa kwa skrubu ndani ya kasha, na diski hiyo inaweza kuwa nzima kabisa hata kama vyote vinavyoizunguka vimekufa. Hatari iliyopo sasa ni kwamba pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikiwa imechoka inaweza kuipelekea diski umeme usiotulia kila unapojaribu kuwasha. Kwa hiyo una kazi mbili, na ya kuokoa picha ndiyo inayotangulia. Wengi huzichanganya hizi mbili: wanahangaika na kompyuta wiki nzima diski ikiwa imo ndani, na mwisho wanapoteza vyote.

Fungua ubavu wa kasha. Kwa kompyuta nyingi za umri huo, ukiitazama kwa mbele, ubavu unaofunguka ni wa kushoto, na skrubu zake ziko nyuma. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini mwako ushukie pale. Utaona diski ina plagi mbili, moja ya umeme na moja ya data. Mwaka 2005 ulikuwa katikati ya mabadiliko, kwa hiyo yako inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya mbili. Kama plagi ya data ni utepe mpana, bapa, wenye safu mbili za matundu, hiyo ni IDE. Kama ni kebo nyembamba yenye kichwa kidogo chenye umbo la L, hiyo ni SATA. Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kuchomoa, kisha chomoa kwa kushika plagi yenyewe, kamwe usivute waya.

Tafuta adapta ya kuunganisha diski hiyo na tundu la USB la kompyuta nyingine. Hakikisha adapta inakuja na chaja yake ya ukutani, kwa sababu mota ya diski ya mezani inahitaji volti 12, na tundu la kawaida la USB linatoa 5 tu. Zile adapta ndogo zisizo na chaja ni za diski za laptopu. Kama diski yako ni ya IDE, itakuwa na vipini vidogo karibu na plagi vyenye kifuniko cha plastiki kinachohamishika. Mchoro uliobandikwa juu ya diski unaonyesha mahali pa kukiweka ili diski ijitambulishe kuwa ndiyo kuu. Iweke hivyo.

Ukiiunganisha, weka kiganja juu yake. Unapaswa kuhisi mtetemo laini wa mota unaopanda kisha kutulia. Kompyuta mpya ikikuuliza kama uifomati diski, kataa. Ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda za mtumiaji wa zamani, hilo ni jambo la kawaida: Windows inalinda folda za mwenye akaunti, na ukiwa msimamizi wa kompyuta unayotumia unaweza kujipa ruhusa. Kwenye Windows XP picha huwa ndani ya folda iitwayo Documents and Settings, chini ya jina la aliyekuwa akiitumia. Nakili kila kitu mahali pawili tofauti ndipo uendelee.

Lakini ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, kwa mdundo mmoja, izime papo hapo. Huo ni mlio wa kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia yake. Usiifungue kutazama ndani, usiigonge, na usiiweke kwenye friji kama wengine wanavyoshauri, maana unyevu utaganda juu ya sahani zake. Hapo inahitajika maabara ya kuokoa data, na kila sekunde unayoiacha ikizunguka inampunguzia fundi wa maabara nafasi ya kufanikiwa.

Picha zikishakuwa salama, turudi kwenye kompyuta yenyewe. Sasa unaweza kujaribu bila woga.

Aliyekuambia madabodi imekufa amesema jambo linalowezekana, ila hakuwa na ushahidi wowote. Feni kuzunguka kidogo kisha kuzima ni dalili yenye sababu nyingi, na baadhi yake hutengenezwa kwa dakika tano. Ili uzitenganishe, lazima ujue kinachotokea tangu kidole kinapogusa kitufe mpaka picha inapotokea.

Kompyuta yako karibu bila shaka inafuata mpangilio wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995. Katika mpangilio huo, kitufe cha mbele hakikati wala hakiungi umeme wa ukutani. Kinatoa ishara tu. Ukichomeka waya ukutani, hata kabla hujabonyeza chochote, pawasaplai tayari inatoa volti 5 za akiba kupitia waya wa zambarau, na hizo ndizo zinazoifanya madabodi ikeshe ikisubiri kitufe. Ukibonyeza, madabodi inaushusha waya wa kijani mpaka kwenye volti sifuri. Pawasaplai ikiona hivyo inawasha njia zake kuu: volti 12 kwenye nyaya za njano, 5 kwenye nyekundu, na 3.3 kwenye zile za rangi ya chungwa. Inasubiri zitulie, muda usiozidi nusu sekunde, kisha inapandisha waya wa kijivu. Waya huo ndio unaoiambia madabodi kwamba umeme ni safi. Hapo ndipo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapoachiliwa ianze kusoma maagizo ya kwanza kutoka kwenye BIOS (programu ya kuanzishia iliyohifadhiwa kwenye madabodi), ikague RAM (kumbukumbu ya muda), iamshe kadi ya picha, na mwisho kabisa itafute diski.

Kwa kompyuta yako, safari hii inaanza vizuri na inakatika kabla au mara tu baada ya waya wa kijivu. Kwa sehemu kubwa, pawasaplai inawasha njia kuu, inaona jambo lisilo la kawaida, inajizima kujilinda. Ama yenyewe ni mbovu na haiwezi kushikilia mzigo, ama kuna kitu kinachopiga shoti na yenyewe inafanya kazi yake sawasawa. Ukibadilisha madabodi kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo, unacheza kamari.

Anza na vitu vya bure. Nyuma ya pawasaplai za zamani huwa kuna kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Kinapaswa kulingana na umeme wa nyumba yako. Kikiwa kwenye 230 na umeme wenu ni wa 115, mashine inaweza kukataa kuwaka. Kinyume chake ni hatari: ukiiweka 115 na kuichomeka kwenye 230, kitu kitalipuka ndani. Kikague kabla ya yote, maana kwa mashine iliyokaa stoo, mtu anaweza kuwa alikigusa.

Kisha kitufe chenyewe. Vitufe vya plastiki vya umri huo hukwama ndani bila kuonekana. Kwenye ATX, kitufe kikishikiliwa zaidi ya sekunde 4, madabodi inazima kila kitu kwa nguvu. Kwa hiyo kitufe kilichokwama huwasha kompyuta na kuizima sekunde nne baadaye, kila mara, kwa kipimo kilekile. Hesabu muda wako. Kama ni takriban sekunde nne kila unapojaribu, chomoa ule waya mdogo wa kitufe unaoingia kwenye madabodi, pembeni chini, na uviguse kwa ncha ya bisibisi vile vipini viwili vya madabodi ulipokuwa umechomekwa kwa kufumba na kufumbua. Ikiwaka na kubaki ikiwaka, shida yako ilikuwa kitufe. Kile kidogo cha kuwasha upya nacho kikikwama kina tabia yake: feni zinazunguka kwa raha, skrini nyeusi, kwa sababu prosesa inazuiwa isianze. Uchomoe waya wake pia wakati wote wa majaribio. Hauhitajiki.

Baada ya hapo, punguza mzigo. Umeme ukiwa umechomolewa ukutani, toa kila kisichohitajika ili kompyuta ionyeshe picha: sidiromu, kadi ya sauti, modemu, floppy, na bila shaka diski ambayo tayari umeitoa. Chomoa pia waya wa matundu ya USB ya mbele. Hili watu hulisahau. Kile kiulimi cha plastiki ndani ya tundu la USB kikivunjika, vyuma vyake vinapinda na kugusana, volti 5 zinapiga shoti, na pawasaplai inajizima ndani ya nusu sekunde, sawasawa na unavyoeleza. Kurunzi ya simu itakuonyesha. Bakiza madabodi, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, kadi ya picha kama haikuunganishwa moja kwa moja kwenye madabodi, na kispika kidogo cha ndani. Jaribu kuwasha. Ikiwaka, rudisha vitu kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila mara, mpaka ukipate kinachoizima.

Ikiendelea kuzima, sasa unahitaji multimita. Ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye volti za DC, chomeka waya wa umeme ukutani, usibonyeze kitufe. Ncha nyeusi ya multimita iingize kwenye tundu la waya mweusi wa ile plagi kubwa ya madabodi, kwa upande wa nyuma wa plagi nyaya zinapoingilia, na ncha nyekundu kwenye tundu la waya wa zambarau. Unatakiwa kuona kati ya 4.75 na 5.25. Ukikuta sifuri, pawasaplai imekufa kabisa au fyuzi imekatika. Ukikuta chini ya 4.75, au namba inayochezacheza, pawasaplai imechoka, na umeshapata jibu kubwa bila kununua kitu.

Kama zambarau ni nzuri, bonyeza kitufe huku ukiangalia waya wa njano, kisha urudie kwa nyekundu, kisha kwa rangi ya chungwa. Viwango vinavyokubalika ni asilimia 5 juu au chini: 11.4 hadi 12.6 kwa njano, 4.75 hadi 5.25 kwa nyekundu, na karibu 3.14 hadi 3.47 kwa chungwa. Multimita haioni mambo ya kasi sana, kwa hiyo kwa mashine inayozima mara moja utaona namba ikiruka tu kisha kushuka. Kwa hali hiyo, itenge pawasaplai: ichomoe kabisa kutoka kwenye madabodi, iwekee mzigo mdogo kama feni ya kasha au sidiromu ya zamani usiyoijali, na unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa kwa kipande cha waya. Iwashe ukutani. Ikizunguka vizuri na volti zikiwa sawa, ina uhai, ingawa haijathibitisha kwamba inaweza kubeba mzigo wa prosesa. Ikigoma hata hapo, ni mbovu. Kipimo kikamilifu kuliko vyote ni kuazima pawasaplai nzima kutoka kwenye kompyuta nyingine ya ATX. Plagi ya pini 24 huingia kwenye tundu la pini 20, zile nne za ziada zikiachwa nje. Tahadhari moja: baadhi ya watengenezaji waliweka mpangilio wao wa nyaya kwenye plagi inayofanana kabisa kwa sura, hivyo linganisha rangi za nyaya, tundu kwa tundu, kabla ya kuchomeka.

Kuna tabia moja ya kompyuta za stoo ambayo ningependa uichunguze. Iache imechomekwa ukutani kwa dakika kumi bila kuiwasha, halafu jaribu. Kisha jaribu tena na tena mfululizo. Ikiwa kila jaribio inakwenda mbali kidogo kuliko la kabla, na mwishowe inawaka, basi kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme, zimekauka. Kapasita iliyokauka ikipata joto ukinzani wake wa ndani hupungua, inafanya kazi kwa muda, ikipoa inarudi ubovuni. Wenye kompyuta kama hizo hujizoesha kuziwasha asubuhi kwa kubonyeza mara kadhaa, wakidhani ni uzee tu. Zile mara mojamoja ambazo yako inaendelea kuzunguka zinanifanya nishuku jambo hili kuliko mengine yote.

Usiifungue pawasaplai yenyewe kutafuta kapasita mbovu. Kwa umeme wa volti 230, ndani yake kuna kapasita kubwa zinazobeba takriban volti 325 za DC, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Hapo nasema wazi, kwa kukujali: badilisha pawasaplai nzima, na ile mbovu mpe fundi wa umeme kama ataihitaji.

Kapasita za madabodi ni jambo jingine. Hizo unaweza kuziona na kuzigusa bila hatari umeme ukichomolewa. Ni vikopo vidogo vya alumini vilivyosimama, vingi vikiwa vimejipanga kuzunguka prosesa. Juu ya kila kikopo kuna mistari iliyokwaruzwa kwa makusudi, kama K au alama ya kujumlisha, ili gesi ikizidi ndani kichwa kipasuke hapo badala ya kikopo kulipuka. Kikopo kizima kina kichwa bapa kabisa. Shusha macho yako hadi usawa wa madabodi na uangalie kwa pembeni, mwanga ukitoka upande wa pili. Kilichovimba hata kidogo utakiona kama kilima. Kilichovuja kina ukoko wa kahawia juu au chini yake, na wakati mwingine kizibo cha mpira cha chini kimesukumwa nje hadi kikopo kimeinama.

Mashine yako imezaliwa katikati ya kipindi kibaya. Kati ya takriban mwaka 1999 na 2007 kapasita nyingi duniani zilitengenezwa kwa kimiminika kibovu cha ndani. Maji yaliyokuwemo yalishambulia alumini, yakatoa gesi ya haidrojeni, na vikopo vikavimba, wakati mwingine baada ya miaka miwili mitatu tu. Madabodi za kampuni kubwa na ndogo ziliathirika. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme wa prosesa: saketi inayozizunguka inachukua volti 12 na kuzishusha hadi kama 1.3, kwa ampia makumi kadhaa. Zikichoka, umeme wa prosesa unakuwa na mawimbi, na prosesa haiwezi kuamka. Ndiyo maana madabodi inayoitwa maiti mara nyingi inahitaji vikopo vipya tu.

Kuvibadilisha kunahitaji mkono uliokwisha kushika chuma cha kulehemu. Kama hujawahi, jifunzie kwanza kwenye madabodi ya kutupa, kwa sababu madabodi ina matabaka kadhaa ya shaba ndani na matabaka hayo yananyonya joto kwa kasi. Chuma dhaifu kitakufanya ulazimishe, na ukilazimisha utang'oa shaba iliyomo ndani ya tundu. Tumia chuma chenye nguvu, wati 60 au zaidi. Ongeza risasi mpya ya kulehemu kidogo kwenye kila mguu kabla ya kuutoa, ichanganyike na ya zamani. Hili lina umuhimu zaidi kwa madabodi za kuanzia 2006, sheria ya Ulaya ilipoanza kuzuia risasi yenye madini ya ledi kuanzia Julai 1 mwaka huo: mchanganyiko uliochukua nafasi yake unayeyuka kwenye nyuzi karibu 217, wakati wa zamani ulikuwa 183. Yako ya 2005 huenda ikawa rahisi zaidi. Pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kikopo taratibu upande, kisha mguu wa pili upande mwingine, ukitembea nacho hivyo mpaka kitoke chenyewe. Tundu lisafishe kwa kulipasha na kupenyeza kijiti cha meno.

Kikopo kipya kiwe na uwezo uleule wa mikrofaradi, volti zilezile au zaidi, kiwe cha nyuzi 105 na cha aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya saketi za kubadili umeme. Kapasita ya kawaida yenye namba zilezile itafanya kazi kwa siku chache kisha itachemka. Angalia pia kipenyo, maana nafasi kando ya prosesa ni finyu. Na kuhusu pande: mstari ulio ubavuni mwa kikopo ni wa hasi. Usitegemee rangi iliyochapwa kwenye madabodi peke yake, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana ile nusu iliyopakwa rangi inamaanisha upande gani. Tegemea picha uliyopiga kabla ya kung'oa.

Sasa ile hali ya pili, feni inazunguka na skrini haina kitu. Kwanza hakikisha kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi ya picha kama ipo. Watu wengi huichomeka kwenye tundu la madabodi ambalo limezimwa na kadi. Pili, tafuta ile plagi ndogo ya mraba yenye matundu manne, nyaya mbili njano na mbili nyeusi, karibu na prosesa. Ndiyo inayoilisha prosesa. Bila hiyo kila kitu kinazunguka na hakuna kinachofikiri.

Halafu fanya jaribio ambalo mimi nalithamini kuliko kadi zote za kupimia: toa RAM yote na uiwashe. Madabodi yenye afya, ikiwa na kispika, italalamika kwa milio inayojirudia. Ukiisikia milio hiyo, furahi, maana prosesa imeamka, imesoma BIOS, na imegundua kwamba haina RAM. Kasoro yako imebaki kwenye RAM, kadi ya picha au skrini. Ukimya kamili unakurudisha kwenye umeme wa prosesa, BIOS au prosesa yenyewe. Maana ya idadi ya milio hutofautiana kati ya BIOS na BIOS, kwa hiyo tafuta kitabu cha madabodi yako kwa namba iliyochapwa juu yake, usichukue orodha yoyote utakayoikuta.

RAM yenyewe mara nyingi haijafa. Miguu yake ya dhahabu imeshika ukungu mwembamba stoo. Isugue taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha iingize mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Jaribu kipande kimoja kimoja, na kila tundu. Usijaribu RAM ya kizazi kingine: ile ya DDR ina pini 184 na hutumia volti 2.5, DDR2 ina pini 240 na volti 1.8, na kile kitundu cha katikati kiko mahali tofauti ili kukuzuia. Kikikuzuia, kisikilize.

Betri ya sarafu, CR2032, itakuwa imekufa baada ya miaka yote hiyo. Nzima inatoa volti 3 na kidogo. Chini ya 2.7 ibadilishe tu. Kwa kawaida betri iliyokufa husahaulisha saa na mipangilio, lakini kuna madabodi zinazogoma kuwaka kabisa bila betri, na nyingine zilizobaki na mipangilio iliyoharibika. Umeme ukiwa umechomolewa, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, subiri robo saa, weka mpya.

Grisi ya joto kati ya prosesa na hitisinki, kile kipande cha chuma kinachoipoza, nayo itakuwa imekauka na kuwa kama chaki. Kompyuta inayowaka dakika moja kisha kuzima mara nyingi inalalamikia grisi hiyo. Kuwa mwangalifu unapoing'oa hitisinki, hasa kama prosesa ni ya AMD: grisi kavu huigandisha prosesa, na ukivuta moja kwa moja juu, prosesa inang'oka kutoka kwenye soketi iliyofungwa na vipini vyake vinapinda. Ipashe joto kwanza, hata kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha izungushe kidogo kushoto na kulia hadi iachie ndipo uinyanyue. Na usithubutu kuiwasha bila hitisinki hata kwa sekunde chache za majaribio.

Siku itakapowaka, utaona ujumbe kwamba mipangilio imepotea, na mwingine kwamba hakuna diski ya kuanzia. Hizo ni habari njema. Weka tarehe, kisha iachie programu ya MemTest86+ kutoka kwenye fleshi au sidii iikague RAM usiku kucha. Kosa hata moja, kipande hicho cha RAM kitoe. Diski ya zamani irudishe mwisho kabisa, baada ya kuthibitisha volti zimetulia, au bora zaidi iache kabatini na utumie nyingine. Na kama kompyuta ina Windows XP, usiiunganishe na intaneti: Microsoft iliacha kuifungia matundu ya usalama tangu Aprili 8, 2014. Kwa kuandika, kusikiliza muziki na michezo ya wakati wake itakutumikia vizuri. Ukitaka intaneti, weka Linux nyepesi; Debian 12 bado inasakinika kwenye prosesa za biti 32, ilhali toleo la 13 halina tena kisakinishi chake.

Je, inastahili? Kama umekuta ni kitufe, RAM, betri au pawasaplai, tengeneza bila kusita. Kama ni kapasita za madabodi na unapenda kulehemu, tengeneza pia. Kama ni prosesa au saketi iliyoungua mpaka ubao ukawa mweusi, bakiza RAM, feni na kasha, na picha zenu tayari mnazo. Ukikwama, niandikie mambo matatu: volti za waya wa zambarau, idadi ya sekunde kabla haijazima, na kama ililia ulipotoa RAM. Kwa hayo matatu nitaweza kukuambia pa kwenda.